Swali Lililokuwa Jina: Uchambuzi wa Kisa cha Blogu ya Where is Raed?

Mwaka 2002 msanifu majengo mmoja wa Baghdad alikuwa na rafiki mzito wa kujibu barua pepe. Rafiki huyo, Raed Jarrar, alikuwa Jordan akisomea shahada ya uzamili. Badala ya kuendelea kumtumia barua zisizojibiwa, msanifu yule alifungua blogu kwenye Blogspot ili Raed apite mwenyewe na kusoma kila akipata nafasi. Akaiita Where is Raed?, yaani "Raed yuko wapi?". Anwani akaiandika dear_raed.blogspot.com, kama mtu anayeanza barua kwa "Mpendwa Raed". Naye mwenyewe akajiita Salam Pax: "amani" kwa Kiarabu, kisha "amani" tena kwa Kilatini.

Machi 2003 Marekani na washirika wake waliivamia Iraq, na ukurasa uliofunguliwa kwa ajili ya msomaji mmoja ukawa unasomwa na dunia nzima. Anayetafuta jina la blogu yake hatapata kisa chenye mafunzo mengi kuliko hiki, kwa sababu jina hili lilipita karibu kila jaribu linaloweza kulipata jina: lilinakiliwa magazetini, lilishukiwa kuwa la kubuni, lilibeba siri ambayo ingeweza kumwua mwenyewe, na mwishoni likapitwa na wakati. Jambo moja linajitokeza kila hatua. Jina lililoelekezwa kwa mtu mmoja huwavuta watu wengi, lakini pia humfunga mwandishi, na humfunga yule aliyetajwa.

Majina manne ndani ya moja

Watu husema "jina la blogu" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwenye Blogspot, kama ilivyo kwenye WordPress, ni vitu vinne, na kila kimoja kina masharti yake. Kuna kichwa kinachoonekana juu ya ukurasa. Kuna anwani inayoandikwa kwenye kivinjari. Kuna jina la mwandishi linalokaa chini ya kila andiko. Na kuna akaunti ya barua pepe inayoimiliki blogu, ambayo wasomaji hawaioni lakini mwenye mtambo anaiona.

Kichwa kina uhuru mkubwa. Kinapokea nafasi, herufi kubwa na alama ya kuuliza, na kinaweza kubadilishwa wakati wowote bila madhara ya kiufundi. Anwani haina uhuru huo. Jina la mwandishi hubadilika kirahisi kwenye mipangilio, ila likishanukuliwa na watu halirudi nyuma. Akaunti ya barua pepe ndiyo inayosahauliwa zaidi, na ndiyo inayowaumbua wengi: mtu anajificha nyuma ya lakabu, kumbe akaunti aliyofungulia blogu ina jina lake la ubatizo na mwaka wa kuzaliwa.

Salam Pax alitumia nafasi hizo kusema mambo tofauti. Kichwa kinamzungumzia Raed kama mtu asiyekuwepo. Anwani inamsemesha kama mtu anayesikia. Jina la mwandishi halimtaji Raed kabisa. Ukisoma vyote kwa pamoja unapata habari nzima: kuna anayeandika, kuna anayeandikiwa, na kati yao kuna umbali. Vichwa vingi vya blogu havifiki hata theluthi ya hapo.

Kwa nini swali lilifanya kazi

Faida ya kwanza ilimwendea mwandishi kabla ya msomaji. Anayeanza blogu mara nyingi huandika kama anayehutubia mkutano wa hadhara: sentensi ndefu, utangulizi mrefu, maelezo ya mambo ambayo hakuna aliyeyauliza. Mwenye kumwandikia rafiki hafanyi hivyo. Raed aliijua Baghdad na alimjua mwandishi, kwa hiyo maandishi yaliingia moja kwa moja kwenye muziki uliokuwa ukisikilizwa, bei zilizokuwa zikipanda, hofu ya nyumbani na hasira dhidi ya pande zote mbili, utawala wa Saddam na wavamizi. Kichwa kilikuwa kinamkumbusha kila siku anaongea na nani. Jina zuri la blogu huanza kwa kumsaidia mwandishi kupata sauti yake. Msomaji hufaidika baadaye.

Faida ya pili ni kwamba swali lina deni. Msomaji mgeni akilikuta hujiuliza: Raed ni nani, na kwa nini anatafutwa? Vita vilipoanza swali hilo likapata uzito ambao hakuna aliyeupanga. Andiko la mwisho kabla ya ukimya lilitoka tarehe 24 Machi 2003. Baada ya hapo hapakuwa na intaneti wala simu ya kutegemewa Baghdad, na maandishi mapya hayakuonekana hadi tarehe 7 Mei, yalipopandishwa kwa mkupuo kwa msaada wa mwanablogu wa New York. Katika wiki hizo sita wasomaji waliligeuza jina: sasa aliyeulizwa yuko wapi ni Salam.

Ya tatu ni unyenyekevu wa jina. Halisemi "Sauti ya Iraq" wala "Ukweli kutoka Baghdad". Jina linalodai ukubwa humlazimisha mwandishi kuuthibitisha ukubwa huo katika kila andiko, na siku akiandika habari za mgeni aliyekuja chakula cha jioni, jina na andiko vinagombana. Kichwa cha Salam Pax kiliyapokea yote.

Si kwamba hii ndiyo njia pekee. Agosti 2003 mwanamke wa Baghdad aliyejiita Riverbend alifungua Baghdad Burning, jina linalotaja mahali na tukio bila kuzunguka, na lilimfaa kwa sababu alikusudia tangu siku ya kwanza kuandika juu ya mji unaoungua. Kwetu Afrika Mashariki kizazi kilekile cha wanablogu kilichagua njia nyingine tatu. Ndesanjo Macha aliiita yake Jikomboe, neno la kumwamrisha msomaji. Issa Michuzi alitumia jina la ukoo wake. Ory Okolloh alijiita Kenyan Pundit, jina la kazi anayoifanya mtu. Kati ya yote, jina la ukoo ndilo linalodumu zaidi bila matengenezo, kwa kuwa mwenyewe anaweza kubadili mada mara kumi na jina likabaki kweli. Udhaifu wake ni kwamba halimwambii mgeni chochote mpaka mwenyewe ajulikane.

Anwani: uzuri na kasoro zake

Chukua dear_raed uisome kutoka kulia kwenda kushoto. Inabaki ileile, herufi kwa herufi, na kistari cha chini kinakaa katikati kabisa kama mhimili. Kwa mchoraji wa majengo, ulinganifu wa namna hiyo ni kitu cha kupendeza, na unaonyesha jinsi jina fupi linavyoweza kubeba zaidi ya maana yake.

Kwa upande wa ufundi, hata hivyo, hii ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, na sababu ni kile kistari cha chini. Kanuni za majina ya kompyuta kwenye mtandao ziliwekwa katika waraka wa RFC 952 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti) wa mwaka 1985 na kurekebishwa na RFC 1123 wa mwaka 1989. Zinaruhusu herufi a hadi z, tarakimu 0 hadi 9, na kistari cha kawaida, basi. Kistari hicho hakiruhusiwi kuanza wala kumaliza, na kila kipande kati ya nukta na nukta hakizidi alama 63. Kistari cha chini hakimo. DNS, mfumo unaotafsiri majina ya tovuti kuwa namba za kompyuta, unaweza kukibeba, ndiyo maana Blogspot ya wakati ule iliweza kuwapa watu anwani za namna hiyo, lakini programu zilizo njiani hazikuwa na wajibu wa kuzikubali.

Matokeo yake yalikuwa ya kuudhi kwa sababu hayakuwapata wote. Squid ya toleo la 2, programu ya seva ya kati iliyotumika sana kwenye vyuo, maofisi na vibanda vya intaneti, ilikataa majina yenye kistari cha chini isipokuwa fundi awe ameijenga kwa kuwasha chaguo maalumu. Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft, nayo ilikataa kuhifadhi vidakuzi (vifaili vidogo ambavyo tovuti huviweka kwenye kompyuta ya msomaji) kutoka kwenye seva yenye alama hiyo katika jina. Hivyo ukurasa unafunguka kwako nyumbani, unagoma kwa mwenzako wa chuoni, na kila mmoja anaamini kosa ni la mwingine. Hitilafu inayoonekana kwa baadhi ya wasomaji tu ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa mwenye blogu haioni. Leo Blogger, huduma inayoendesha blogu za Blogspot, haikubali tena alama hiyo kwenye anwani mpya.

Kuna tatizo jingine la macho matupu. Viungo kwenye kurasa za wakati ule vilipigiwa mstari chini. Kistari cha chini kikikaa juu ya mstari huo kinamezwa, na anayenakili kwa kalamu huona "dear raed" yenye nafasi katikati. Akiandika hivyo kwenye kivinjari, hafiki popote.

Na lipo jina Raed lenyewe. Kwa msomaji wa Kiingereza herufi zake zinafanana mno na neno "read", na vidole vilivyozoea neno hilo hugeuza mpangilio bila kufikiri. Zaidi ya hapo, jina la Kiarabu likiandikwa kwa herufi za Kirumi lina sura nyingi: Raed, Raid, Ra'ed. Aliyelisikia bila kuliona hana njia ya kujua lipi ndilo. Ulinganifu wa anwani ndio uliosaidia hapa: ukikumbuka kwamba nusu ya pili ni nusu ya kwanza iliyogeuzwa, hukosei. Ila ni wachache wanaoligundua hilo.

Je, ingekuwa bora kuandika dear-raed? Kiufundi, ndiyo, na ulinganifu ungebaki. Dearraed pia ingekubalika popote, ila r mbili zilizogongana zinalificha jina, na jicho halijui likate wapi. Kistari cha kawaida kilikuwa chaguo sahihi.

Lakabu na mduara wa marafiki

Mwandishi alikuwa ndani ya nchi ambayo kumkosoa rais kulimpeleka mtu gerezani au kaburini. Lakabu haikuwa pambo. Ukiitazama yenyewe, Salam Pax ilifanya kazi vizuri: haina jina la ukoo, haina kabila, wala madhehebu, ingawa Salam lilikuwa kweli jina lake la kwanza. Kasoro yake nyingine ilikuwa ya namna tofauti. Jina linalotaja amani mara mbili, kutoka mji unaongoja mabomu, kwa baadhi ya wasomaji lilisikika kama kazi ya kitengo cha propaganda. Mjadala wa kama mtu huyu yupo kweli ulipamba moto, na mwandishi wa teknolojia Paul Boutin alichunguza barua pepe zake akaona kuna kila sababu ya kuamini kwamba zinatoka Iraq.

Hatari kubwa ilikuwa pembeni ya lakabu. Kichwa cha blogu kilibeba jina halisi la mtu halisi. Sasa jumlisha: mwandishi ni kijana wa Baghdad, anajua Kiingereza kizuri, ni msanifu majengo, na ana rafiki wa karibu aitwaye Raed aliyekwenda Jordan kusoma shahada ya pili. Kwa mgeni wa London hayo hayaonyeshi kitu. Kwa yeyote aliyesoma nao, watu wanaobaki kwenye orodha ni wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, pengine ni mmoja tu. Mwandishi alificha jina lake la ukoo kwa uangalifu, kisha akaweka ufunguo wa mlango juu ya ukurasa kwa herufi kubwa.

Lilivyokuja kufichuka linaonyesha jambo hilohilo. Peter Maass, mwanahabari wa Marekani aliyefanya kazi Baghdad baada ya vita, aliandika Juni 2003 kwamba mkalimani aliyekuwa amemwajiri ndiye Salam Pax. Alimtambua alipoisoma blogu na kukuta humo mambo aliyoyashuhudia yeye mwenyewe. Hakuna aliyevunja nywila wala kufuatilia waya. Lakabu nyingi huvunjwa hivyo: na mtu anayemfahamu mwandishi, kwa vipande vidogo vya kweli vilivyowekwa karibu karibu.

Kwa hiyo lakabu isipimwe peke yake. Ipimwe pamoja na kichwa, anwani, akaunti ya barua pepe, majina ya mafaili ya picha na kila rafiki anayetajwa. Mwandishi wa leo wa Tanzania ana jambo la ziada la kuweka kwenye hesabu: Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu ajisajili kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na kulipia leseni, na fomu ya leseni haijazwi kwa lakabu. Anayedhani jina la kupanga kwenye ukurasa linatosha asome kwanza kanuni zinazotumika anapoishi.

Na kuna haki ya aliyetajwa. Raed alipata umaarufu wa jina kabla ya kufungua kinywa chake. Hapa mambo yaliisha vyema, lakini jina la rafiki, mchumba au mtoto kwenye kichwa cha blogu humfuata mhusika kwenye matokeo ya utafutaji kwa miaka, hata baada ya urafiki kuvunjika. Ruhusa iombwe kabla ya andiko la kwanza, na anayeombwa aelezwe wazi kwamba kurasa zilizonakiliwa na watu wengine hazifutiki.

Swali linapojibiwa

Raed alirudi Iraq. Baada ya uvamizi aliongoza uchunguzi wa raia waliouawa na kujeruhiwa. Kuanzia siku hiyo kichwa cha blogu kilikuwa kinauliza jambo ambalo jibu lake linajulikana.

Ni udhaifu wa kuzaliwa nao kwa kila jina linalotegemea hali fulani: mwanafunzi, mchumba, mgeni mjini, mama wa kichanga. Hali ikipita, mwandishi ana njia tatu: abaki na jina kama kumbukumbu, abadili kichwa na kuacha anwani, au afungue ukurasa mpya. Salam Pax alichukua ya tatu. Mwaka 2004 alianza blogu nyingine iitwayo Shut Up You Fat Whiner!, anwani justzipit.blogspot.com. Haimtaji rafiki, haina kistari cha aina yoyote, ni maneno matatu mafupi ambayo kila mwenye Kiingereza anaweza kuyaandika baada ya kuyasikia mara moja. Alipohamia WordPress baadaye, anwani ilibeba lakabu yake tu, salampax. Raed naye alikuwa na blogu yake, Raed in the Middle, jina linalochezea kipindi cha televisheni cha Marekani, nalo kwa namna fulani linajibu lile swali la mwanzo.

Wachapishaji walikuwa wameliona tatizo mapema zaidi. Gazeti la The Guardian lilipompa safu mwaka 2003, na kitabu cha maandishi yake kilipotoka Uingereza mwaka huohuo, kilichowekwa mbele kilikuwa jina la mji na neno blogu: The Baghdad Blog. Swali lililowavuta wasomaji wa mtandaoni halikuweza kusimama peke yake kwenye rafu ya duka, mahali ambapo hakuna andiko la jana la kulielezea. Lakabu ndiyo iliyovuka kila daraja, kutoka blogu hadi gazeti hadi kitabu. Mwenye matumaini kwamba maandishi yake yatatoka nje ya ukurasa siku moja atumie muda mwingi zaidi kwenye jina la mwandishi kuliko kwenye kichwa.

Kulitumia somo hili kwa jina la Kiswahili

Tuseme mtu anataka kuiita blogu yake "Ng'ambo Kwa Mjomba". Aanze kwa kuvua kila kisichoruhusiwa kwenye anwani. Ritifaa ya ng' inaondoka, kwa hiyo inabaki ngambokwamjomba. Asiipite hatua hii haraka: asome mkururo huo kwa sauti, kisha ampe mtu asiyejua jina autenge maneno. Maneno mengi ya Kiswahili huanza kwa konsonanti na kuishia kwa irabu, hivyo mara nyingi hushikamana bila kugombana, na hilo ni bahati. Shida hutokea kwenye vineno vifupi kama "na", "wa" na "ya", vinavyomezwa na jirani zao. Vikileta utata, kistari cha kawaida kimoja kinatosha. Viwili tayari ni mzigo kwa anayetajiwa anwani kwa simu.

Kisha jaribu la simu lenyewe. Mpigie mtu, litaje jina mara moja bila kulitamka herufi kwa herufi, aandike, akusomee alichoandika. Rudia kwa watu watano wa sehemu mbalimbali. Majina yenye r na l yakaguliwe kwa makini, kwa kuwa kuna wasemaji wengi wanaozibadilisha, na anayesikia "kalibu" ataandika hivyo. Zaidi ya wawili kati ya watano wakikosea, tatizo ni la jina. Litengenezwe, au anwani ya pili yenye kosa hilo isajiliwe mapema ili mtu mwingine asiichukue.

Baada ya hapo ajiulize jina litakuwaje hali ikibadilika. "Mjomba" akihama au akifa, je, kichwa kitamwuma mwandishi? Kama jibu ni ndiyo, kichwa kibebe hisia hiyo, lakini anwani na jina la mwandishi visitaje mtu. Hiyo ndiyo tofauti moja ambayo ingemwokolea Salam Pax usumbufu mwingi: kichwa kiwe Where is Raed?, anwani iwe salampax. Siku Raed anapatikana, anabadili mstari mmoja kwenye mipangilio na hakuna kiungo kinachokatika.

Kwa maana viungo hukatika kweli. Ukibadili anwani ya blogspot, ile ya zamani haimpeleki msomaji kwenye mpya. Anakutana na ukurasa wa kosa, na viungo vyote vilivyoko kwenye blogu za wengine vinakufa siku hiyohiyo. Ukinunua kikoa chako, yaani anwani ya tovuti iliyo yako mwenyewe, na kukiunganisha, Blogger humwelekeza msomaji kutoka blogspot hadi kwenye kikoa, mradi kikoa kiendelee kulipiwa. Anayelazimika kuhama bila kikoa aiache blogu ya zamani pale ilipo, apakue nakala yake yote, kisha aandike andiko moja la mwisho lenye kiungo cha makazi mapya na alibandike juu kabisa.